Utovu, ufisadi, unajisi: tunamchafua nani?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Bokoli, Kaunti ya Bungoma, nimekaa chini ya mwembe nikisubiri jua lipunguze makali, jirani yangu akaja na karatasi zilizobanwa pamoja. Kitindamimba wake alikuwa amepata kazi katika shirika moja linalogawa mbegu kwa wakulima, na hayo yalikuwa masharti ya kazi. Yote kwa Kiingereza, bila shaka.

"Mwalimu," akaniambia (kijijini hawajawahi kuniita profesa, nami siwalaumu), "hebu nisomee hapa. Kijana anasema ni maneno ya kawaida tu, lakini mimi sitaki atie sahihi kitu asichokijua."

Kidole chake kilikuwa juu ya kifungu kinachompa mwajiri haki ya kumfuta kazi papo hapo mfanyakazi atakayepatikana na hatia ya kosa la moral turpitude. Nikajibu harakaharaka, kama mtu aliyefundisha lugha kwa zaidi ya miaka thelathini na hataki kuonekana akisitasita: "Ni utovu wa maadili, mama."

Akacheka. "Kumbe ni wasichana tu! Hapo sina wasiwasi. Huyu wangu ni mtu wa kanisa."

Sikucheka naye. Nilijua nimemdanganya, ingawa nilikuwa nimempa tafsiri ambayo mhariri yeyote wa gazeti angeipitisha bila kuinua kalamu. Kifungu kile hakikuandikwa kwa ajili ya wasichana. Kinamhusu kijana atakayeghushi risiti za mafuta ya pikipiki, atakayeuza mbegu za wakulima sokoni Kimilili, atakayeapa uongo mbele ya hakimu. Mama mtu aliondoka akiamini kwamba mwanawe ameonywa kuhusu jambo moja, ilhali alikuwa ameonywa kuhusu jambo jingine kabisa. Kosa lilikuwa la nani? Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo, na jibu nililolipata halinifurahishi.

Tuanze na neno lenyewe. Turpitude limetoka katika Kilatini, turpis, yaani kitu kibaya kwa sura, kinachochukiza ukikitazama. Wanasheria wakalichukua na kulitia katika vitabu vyao ili kutenganisha aina mbili za makosa. Yako makosa ambayo ni makosa kwa sababu serikali imeyakataza: kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa, kufanya biashara bila leseni. Na yako makosa ambayo hata serikali ingenyamaza, jirani angekutazama kwa jicho la kukinai: kumwibia mjane, kumbaka mtoto, kuapa uongo ili mtu mwingine afungwe. Hayo ya pili ndiyo yenye turpitude. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1891 ililitumia neno hilo kuwazuia wageni wasiotakiwa, na hadi leo Mkenya aishiye huko anaweza kupoteza ukaazi wake kwa sababu ya maneno hayo mawili.

Hata wao, wenye neno, limewatoa jasho. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Jordan dhidi ya De George, Mwitaliano aliyekuwa amehukumiwa mara mbili kwa kula njama ya kukwepa kodi ya pombe kali. Je, kukwepa kodi ya pombe ni jambo la kuchukiza kiasi cha kumfukuza mtu nchini? Majaji wengi walisema ndiyo, maana palipo na ulaghai hapakosi turpitude. Jaji Robert Jackson akapinga, akilalamika kwamba neno lenyewe halina mipaka na kila jaji atalijaza hisia zake mwenyewe. Nakubaliana naye nusu. Neno halina mipaka, naam, lakini lina upande: linamtazama mtenda, halimtazami mtendwa. Ubaya wa sura ni wa yule aliyefanya. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, maana tutalihitaji huko mbele.

Karibu na kwetu, Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 80, inamzuia kugombea ubunge mtu ambaye ndani ya miaka saba kabla ya uchaguzi amepatikana na hatia ya kosa la kukosa uaminifu au la moral turpitude. Jirani zetu wamekubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mfasiri wa ibara hiyo atasimama pale pale niliposimama mimi chini ya mwembe. Je, aandike "utovu wa maadili"?

Nasema asiandike. Kwanza, utovu ni upungufu. Mtovu wa adabu amepungukiwa na adabu, na mwanafunzi aliyeingia gwaride akiwa ameacha shati nje anaitwa mtovu wa nidhamu. Neno linaeleza pengo, kitu ambacho hakipo na pengine kesho kitajazwa kwa viboko viwili vya nasaha. Lakini mtu aliyeuza dawa za hospitali ya umma, wagonjwa wakarudi nyumbani mikono mitupu, hajapungukiwa na kitu. Ndani yake kimo kitu. Pili, na hili ndilo lililomfanya jirani yangu acheke, "maadili" katika Kiswahili cha Kenya yameshuka kutoka kichwani yakakaa kiunoni. Ukisikia redioni kwamba vijana wamepotoka kimaadili, huwazi risiti za kughushi. Unawaza sketi fupi, unawaza klabu za usiku, unawaza msichana wa darasa la nane aliyepata mimba. Msichana huyo ndiye anayeitwa mfano wa kuporomoka kwa maadili. Waziri aliyekula pesa za madarasa ambayo msichana huyo angesomea ana jina jingine.

Jina lake ni fisadi. Na hapa pana mkasa wa kusikitisha zaidi, kwa sababu fisadi lilikuwa neno kamili kuliko yote.

Mzizi wake ni wa Kiarabu, na maana yake ni kuharibika, kama chakula kinavyoharibika kikalala nje. Katika kamusi za zamani na vinywani mwa wazee wa pwani, fisadi ni mharibifu, na hasa mharibifu wa wake na mabinti za watu, mtu wa kufungiwa mlango. Kumwita mtu fisadi Lamu au Mombasa ya zamani kulikuwa ni kumtoa katika orodha ya wanaoweza kuposa kwenye nyumba za heshima. Neno lilibeba mwili na mali kwa pamoja, kwa sababu waliolitumia hawakuona tofauti kubwa kati ya mwanamume anayeharibu binti wa jirani na anayeharibu amana ya yatima. Wote wawili wameoza.

Kisha zikaja Goldenberg na Anglo Leasing. Sisi wa vyumba vya habari na vyuo vikuu (najihesabu humo) tulihitaji neno la kubeba kashfa za mabilioni, tukalichukua ufisadi. Tukaunda Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na kwa pigo hilo tukayapasua mambo mawili yaliyokuwa moja: maadili huku, ufisadi kule. Tanzania nako, baada ya Dkt. Willibrod Slaa kusoma orodha yake pale Mwembe Yanga Septemba 2007, mafisadi wakawa ni wale wakubwa wa mikataba, na rushwa ikabaki kuwa ya karani na askari wa barabarani, ingawa taasisi yao ya kupambana nayo bado inaitwa ya rushwa. Neno lilitanuka kwa upande wa pesa na likafa kwa upande wa mwili. Tena limetumika mno hata limepoteza makali. Siku hizi "fisadi" ni kama cheo. Anaitwa hivyo mkutanoni, anacheka, anapanda jukwaani, anatoa mchango wa kanisa, na kina mama wanampigia vigelegele. Hakuna anayegeuza uso. Turpitude bila mtu kugeuza uso ni nini?

Watanzania, lakini, walifanya jambo moja la busara ambalo hatujaliiga. Katiba yao ya 1977, ibara ya 67, inapotaja makosa yanayomwondolea mtu sifa ya kuwa mbunge, inasema kosa "linaloambatana na utovu wa uaminifu", vyovyote vile linavyoitwa. Nalipenda neno hilo "linaloambatana". Linakiri kwamba jina la kosa si hoja, hoja ni kile kinachotembea nalo. Shida ni kwamba uaminifu peke yake haumalizi kazi. Mwizi amekosa uaminifu, sawa. Mbakaji je? Hakuna aliyemwamini.

Na si lazima pawe na pesa wala mwili. Kumbukeni kisa cha aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012, katika jengo moja la maduka jijini Nairobi, alikabiliana na mlinzi wa kike aliyetaka kumkagua kama wateja wengine. Jopo lililoongozwa na Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, lilipendekeza aondolewe kazini, naye akajiuzulu Oktoba mwaka huo. Hapakuwa na shilingi iliyopotea. Palikuwa na mwenye cheo kikubwa na asiye na cheo, na kilichopita kati yao. Neno letu la maadili, lililoshuka kiunoni, halina pa kukishika kisa kama hicho, na neno letu la ufisadi, lililohamia benki, halina pia.

Siku ya pili nilivuka ua kwenda kwa jirani yangu kurekebisha. Nikamweleza kwamba kifungu kinahusu makosa ambayo mtu wa chisoni hawezi kuyafanya. (Chisoni kwa Lubukusu ni haya, soni, kile kinachomfanya mtu ashindwe kumtazama mwenzake machoni.) Nikataja wizi, kughushi, kubaka, kiapo cha uongo. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ili kijana asisikie: "Na mimi nilipolala korokoroni kwa ajili ya chang'aa? Hiyo nayo imo?"

Ndiyo, mama huyu alipika chang'aa. Ndiyo iliyolipa karo ya wanawe watano, akiwemo huyu mwenye barua ya kazi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na mwaka 2010 Sheria ya Kudhibiti Vileo ikaifuta sheria hiyo, pombe ikaruhusiwa kwa masharti. Mtungi ule ule, mwanamke yule yule. Kama alikuwa mchafu mwaka 2009, ni maji gani yaliyomwosha mwaka 2010? Nilimwambia haimo. Alilipa faini kwa kuvunja katazo, basi. Nikaona mabega yake yakishuka. Miaka yote hiyo alikuwa akijihesabu pamoja na wezi, na hakuna mtu aliyekuwa amempa neno la kumtenganisha nao.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba suala hili si la wafasiri peke yao. Maneno yetu ya uovu yanagawa aibu vibaya, na hakuna mahali yanapoigawa vibaya zaidi ya neno ambalo magazeti yetu, pamoja na hili unalolisoma, hulichapisha karibu kila wiki: kunajisi.

"Mwanamume ashtakiwa kwa kumnajisi mtoto." Msomaji umeizoea sentensi hiyo, huioni tena. Itazame. Najisi ni uchafu wa kidini. Nguo iliyorukiwa na najisi haifai kuswalia mpaka ifuliwe. Nguo haina kosa, lakini nguo ndiyo isiyofaa. Tunaposema mtoto amenajisiwa, tunasema yeye ndiye nguo. Yeye ndiye aliyetoka katika tukio hilo akiwa najisi, na aliyefanya hivyo anabaki katika sentensi kama mtendaji tu, msafi wa nguo. Turpis, tulisema, inamtazama mtenda. Sisi tumegeuza darubini.

Nitaambiwa kwamba neno hilo ni tafsiri aminifu ya Kiingereza cha sheria. Ni kweli, na ndiyo sababu nalilaumu. Kabla ya 2006, ubakaji ulikaa ndani ya Kanuni ya Adhabu chini ya kichwa cha makosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyeumizwa ni maadili, si mtu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ikauhamisha, hatua kubwa na ya kupongezwa, ikaweka kifungo cha maisha kwa anayemtendea mtoto wa miaka kumi na mmoja au chini ya hapo. Lakini katika kifungu chake cha 8 ikabaki na neno lile lile la Kiingereza lenye maana ya kuchafua, nasi tukalifuata kama kondoo. Tanzania, tangu sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka kumi na minane ameshtakiwa kwa kubaka, awe msichana alikubali au hakukubali, na magazeti ya Dar es Salaam huandika hivyo: kambaka mtoto. Ni neno baya kulisikia, na ndivyo linavyopaswa kuwa. Ubaya wake wote unamwangukia mwanamume.

Afadhali kunajisi, wengine watasema, kuliko "kushiriki mapenzi na mwanafunzi". Hapo nakubali. Mwalimu wa miaka arubaini na mtoto wa miaka kumi na minne hawashiriki chochote. Tume ya Huduma ya Walimu ilitoa waraka nambari 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na bado ripota anayeandika kuhusu mwalimu aliyefutwa kwa waraka huo atatia neno "mapenzi" katika aya ya kwanza. Mapenzi, jamani!

Mnaodhani haya ni ya kubishaniwa na maprofesa tu, njooni kwetu. Si siri kwamba kesi nyingi za aina hii huishia nyumbani. Wazee huketi, ng'ombe huhesabiwa, na faili iliyokwisha kufunguliwa Bungoma au Kitale hufa kwa kukosa mashahidi. Sisemi neno ndilo linalowafanya wazee wapokee ng'ombe. Umaskini upo, woga upo, na polisi wa kununuliwa wapo. Lakini sikilizeni mantiki ya kikao chenyewe: binti amechafuliwa, thamani yake imeshuka, basi aliyemchafua alipe kilichopungua, tumalize. Ni mantiki ya nguo na sabuni. Ingekuwa uchafu uko kwa mwanamume, ng'ombe wake wangesafisha nini? Wangekuwa ni ng'ombe wa mtu aliyeoza, na nani angetaka kuwafungia katika boma lake?

Ninalopendekeza kwa mfasiri wa Uganda, kwa wahariri wetu na kwa anayeandika masharti ya kazi ni neno ambalo tunalo tangu kabla ya Mwarabu na Mwingereza: uovu. Wanaisimu wa Kibantu hulihusisha -ovu na -bovu na kuoza, yaani ni picha ile ile ya fisadi wa zamani kabla hajahamia benki. Embe bovu halijapungukiwa na kitu, limeingiwa na kitu, na mwenye kulitazama anajua ubovu uko wapi. Tulitie katika muundo wa Watanzania tupate "kosa linaloambatana na uovu". Wizi umo, kubaka kumo, kumdhalilisha mnyonge kumo kwa kadiri yake. Chang'aa haimo. Na katika kurasa za habari za mahakamani, mtoto abakwe, au adhulumiwe kingono, asinajisiwe.

Mwanasheria mmoja rafiki yangu amenikosoa tayari: uovu ni neno la mimbari, pana mno, kila hakimu atalijaza anavyotaka. Hilo ndilo alilolalamikia Jaji Jackson mwaka 1951 kuhusu neno lao, nalo bado liko vitabuni. Neno pana linaloelekea upande ulio sawa nitalichukua kabla ya neno jembamba linalomwelekea mtoto.

Kabla ya kurudi chuoni nilimuuliza karani mmoja wa mahakama, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kumgeuzia mshtakiwa Kiingereza cha hakimu kuwa Kiswahili, huwa anasemaje akikutana na moral turpitude. Akafikiri kidogo. "Mimi huwaambia ni kosa la mtu mbaya," akasema, "kisha nasubiri. Wakiinamisha kichwa najua wameelewa."